Dakika Arobaini

Barua imefika Jumanne, bahasha ya kahawia,
imelowa pembeni, maana hapa Leitrim
hata sanduku la posta hunyeshewa kwa ndani.
Nimeifungua nikiwa wima, koti sijalivua.

Faili limepokelewa, inasema.
Faili limepitiwa. Limezingatiwa ipasavyo.

Na mimi nilidhani nimewapelekea mtoto:
Fiachra, miaka saba na nusu,
anayevaa soksi nje-ndani kwa sababu mshono humuuma,
anayejua lori la maziwa hupita kwa akina Gilhooly
saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili,
na likichelewa, hanywi chai.

Miezi kumi na minne ya fomu.
Ukurasa wa tisa huuliza: Eleza siku yake mbaya kabisa.
Hakuna ukurasa unaouliza habari za siku nyingine.
Basi nikaandika. Alimng'ata nani. Alijikojolea mara ngapi.
Kengele ilipolia alikaa chini ya meza kwa muda gani.
Nilimsengenya mwanangu kwa wino mweusi, herufi kubwa,
kwani kamba hutupiwa anayeonekana anazama,
na wangu kuna siku huogelea.
Vile anavyompapasa ng'ombe mgonjwa masikio mpaka atulie,
hilo halikuwa na kisanduku.

Jibu: msaidizi, dakika arobaini kwa siku.

Jioni nikaenda kwa Mwalimu Attracta.
Tukakaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu na kidevu,
tukaikatakata siku kwa penseli.
Kumi za asubuhi, kuvua koti.
Kumi za kengele.
"Na chakula?"
"Chakula ishirini. Kile chumba kina mwangwi."
Choo kikakosa.
Tukafuta. Tukakipa choo tano, tukaziiba kwenye koti.
"Basi avae koti lake mpaka saa ya kurudi," nikasema.
Tukacheka. Yeye ndiye aliyeacha kwanza.

Bwana Hession wa ofisini si mtu mbaya.
Kwenye simu nilimsikia akitafuna, akaomba radhi.
"Wapo wenye shida kubwa zaidi, mama."
Wapo, nikamwambia, nawajua kwa majina.
Sorcha wa Drumkeeran ana dakika ishirini tu.
Usinigombanishe na mama yake.
Akanyamaza.
Kisha akanipa namba ya fomu ya rufaa, polepole,
mara mbili, kama mtu anayepitisha kitu chini ya mlango.

Usiku nikaijaza. Kila palipotaka "faili"
nikaandika "yeye".
Yeye hawezi. Yeye anaweza, akisubiriwa.

Lorcan, mume wangu, hakusema neno.
Alisoma shule hiyohiyo, kiti cha nyuma, chini ya makoti yanayochuruzika,
na hakuna aliyemtafutia hata dakika moja.
Walimpa jina tu, na jina hilo
wapo wazee sokoni wanaolikumbuka hadi leo.
Akavuta fomu upande wake wa meza,
akafuta mikono kwenye suruali,
akaweka sahihi, herufi moja,
halafu nyingine,
kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

Leo asubuhi Fiachra yuko dirishani.
Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Barabara tupu, ukungu, mbwa wa Gilhooly.
Nimeshika birika, sipumui.
Kumi na nne.
Ameitazama barabara. Ameitazama chai.
"Limechelewa," amesema, si kwangu,
akanywa.
Funda moja. Kisha la pili.

Hili sitaliandika popote.
Watatupunguzia.