Faili la Chungu

Ghala la chini, ofisi ya wilaya, Arua.
Ufunguo ulikuwa kwa mtunza stoo ya saruji,
naye akatuuliza: mnatafuta nini humo
ambacho mchwa hawajakipata?

Tulivaa barakoa. Onzima alishika brashi ya rangi,
mimi kisu butu cha kung'olea pini.
Pini zilishika kutu hadi ndani ya maneno;
ukivuta moja, inaondoka na tarehe.
Kinyesi cha popo juu ya Kodi ya Kichwa,
juu ya Pamba, juu ya Madaraja,
juu ya orodha ya vijana waliopandishwa lori
kwenda kukata miwa Kakira:
jina, kijiji, jina la baba,
dole gumba.

Siku ya tisa, katikati ya faili la Ukoma
(nani aliiweka humo, Mungu ndiye ajuaye)
ikateleza karatasi ya daftari la shule,
herufi zimelala upande mmoja
kama mtama baada ya mvua ya mawe:

Bwana Disii,
mimi Ayikoru, wa Ediofe.
Askari wako alimwaga pombe yangu. Sawa, sheria ni sheria.
Lakini chungu alichukua.
Chungu si pombe.
Chungu ni cha mama yangu.
Naomba chungu.

Pembeni, kwa wino wa kijani, mkono mwingine:
Hakuna hatua. Weka failini.

Onzima alicheka. Kisha hakucheka.
Shuleni tulikariri magavana
na mwaka reli ilipofika mbali na kwetu;
hakuna aliyetuambia kwamba mwanamke wa hapa hapa
aliifundisha serikali
tofauti ya chombo na kilichomo.

Jioni nikampigia mama. Ayikoru? akasema,
wako wengi, kila ukoo unaye.
Halafu akanyamaza,
nikasikia sufuria ikichemka upande wake.

Sanduku la arobaini na moja, faili la sita.
Kwenye safu ya Hali ya Waraka
nilitakiwa kueleza karatasi tu,
nami nikaeleza: kona imeliwa, wino unasomeka.
Kisha nikachukua penseli,
maana penseli hufutika, na bosi hapendi mambo mengi,
nikaongeza chini, kwa herufi ndogo:
chungu hakijarudishwa.