Ufagio wa Saiti

Wa kwanza ulikatika shingo siku ya pili,
palepale kwenye ngazi, nikabaki na mpini
kama mgambo asiye na wa kumkamata.
Wa pili, nywele zake za plastiki zililala upande mmoja
zisiinuke tena: jua la Chumbageni, saa saba,
halina huruma na kitu cha elfu tatu.
Wa tatu sitaki kuusema.
Mafundi rangi waliukorogea chokaa.

Basi msimamizi wetu, Hoza, akalamba kidole,
akanihesabia elfu kumi na mbili.
"Sikujua," akaniita, "huu uwe wa mwisho
mpaka tukabidhi nyumba."

Nikaenda Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Ndani ya karatasi ya mfuko wa saruji nilifunga
gao moja la saiti: mchanga, vipande vya vigae,
misumari miwili iliyopinda, donge la zege.

Badawi wa dukani alinifagilia sakafu yake
inayong'aa tangu asubuhi.
"Unaona, dada? Mlaini. Hauna kelele."
Nikamwaga furushi langu miguuni pake.
"Fagia hivi."
Akacheka. Akafagia.
Hakucheka tena.
Misumari ilibaki imejilaza
kama wageni walioshiba.

Siku hizi nauhoji ufagio kama mshenga:
Umefungwa kwa nini, gundi au waya?
Mpini umeingia ndani, au umeegeshwa tu?
Nikikukunja kwa dole gumba,
unarudi?

Nyuma ya wauza kamba nilimkuta Bi Mwamtoro,
ambaye baba yake alikata mkonge Amboni
mpaka viganja vikawa na ramani.
Binti ndiye anayeufunga.
Aliniwekea magotini ufagio wa katani, mgumu,
mpini wa mpera umepenya hadi ng'ambo,
umegongewa kabari.
"Huu wa ndani, kwa vumbi la saruji.
Nje kwenye kokoto chukua wa chelewa.
Usimpe mmoja kazi ya wawili, mwanangu,
utawazika wote."
Elfu saba. Wa chelewa, elfu moja na mia tano.

Kizoleo sikununua.
Vile vya dukani mdomo huinuka katikati,
vumbi likapita chini, likaacha mstari
mwembamba kama wanja. Unarudi nyuma, unazoa,
mstari. Unarudi nyuma tena, mstari,
hadi ukuta unakugusa mgongo.
Nikaokota kipande cha bati tulichobakiza kwenye kuezeka,
nikampelekea Shemboko, Makorora, kwa elfu tatu.
Aliugonga ule mdomo juu ya kipande cha reli,
akauweka sakafuni, akajaribu kupenyeza wembe.
Wembe ukakataa.

Kwa hiyo paa na kizoleo ni ndugu wa bati moja.
Mmoja yuko juu, vuli inampigia ngoma;
mwingine yuko chini nami,
anakula vumbi la dari.

Mia tano iliyobaki sikuirudisha.
Nilikula muhogo, na pilipili.
Hoza akaandika "usafi", akafunga daftari.

Huu ni mwezi wa tano.
Katani imelika vidole viwili,
zaidi upande mmoja, maana mimi ni wa shoto.
Mpinini nimechoma jina kwa msumari wa moto,
herufi kubwa, ya mwisho imebanwa kwa kukosa nafasi:
SIKUJUA.
Jana fundi rangi alikuja na ndoo yake,
akaushika, akasoma, akatazama huku na huku.
Alikuwa na udhuru mmoja tu mdomoni,
na huo nilishautangulia.
Akauegesha ukutani taratibu,
akaenda kutafuta kijiti.