Pale Alama ya Tairi Ilipokatika

Daftari lilikuwa langu, la hesabu, darasa la tano,
kurasa za nyuma zilikuwa bado tupu.
Humo Baba alichora bawa la korongo
aliyemwokota amekufa jalalani, soko la Kiboriloni,
akampima kwa mizani ya kahawa.
Mwili, kilo saba.
Mabawa, ukiyakunjua, yanapita urefu wa mlango wetu.
“Mimi kilo sitini na mbili,” akaandika chini yake,
akapiga mstari,
na chini ya mstari hakuandika kitu.

Ndekirwa, fundi baiskeli, Pasua.
Kwenye gazeti kuukuu lililofungia misumari
aliona picha ya Mzungu mwenye mabawa ya kitambaa,
miguu kwenye pedali, masharubu yamechanwa.
Akaigeuza, akaisogeza dirishani.
“Huyu hakuruka,” akasema.
“Angeruka, wangempiga picha akiwa juu.”

Bawa la kwanza: vijiti vya mkonge, gunia la kahawa.
Likishuka, lilimnyanyua kidogo kitini.
Likipanda, lilimkandamiza kwa nguvu ileile.
Kupanda kulikula kilicholetwa na kushuka.
Siku tatu hakusema na mtu,
kama aliyekopeshwa asubuhi, akadaiwa jioni.

Ya nne akarudi kwa korongo, sasa ananuka,
akapuliza manyoya kwa chini, akapuliza kwa juu,
akacheka peke yake.
Akashona maganda makavu ya mgomba, upande mmoja tu,
mamia, yamepandiana kama vigae:
bawa likishuka yanafumba,
likipanda yanafumbua, hewa inapita zake.
Mama akahesabu sindano zilizovunjika.
Wateja wakahesabu spoku zao.
Jirani, mama Ndeonasia, akaegemea ua:
“Wachawi wa kwetu huruka kwa ungo, usiku, kimya.
Mchawi gani huyu wa mchana,
tena kwa pedali?”

Jumamosi. Kibo imevua mawingu, inatazama.
Tulikuwa watoto tisa wa kusukuma,
mimi mkiani, mkono kwenye bomba la moto.
Mteremko wa kiwanja, vumbi laini kama unga wa ulezi.
Mnyororo ukalia. Maganda yakaanza,
fap, fap,
kama ukoo mzima unakung’uta mikeka.
Nikaona ndama za miguu yake zikikaza,
nikaona shati limeloa kabla ya nusu ya njia,
halafu mkono wangu ukasukuma pasipo na kitu.

Alitua kwenye mbaazi za watu.
Mtulinga ulivunjika, bawa la kushoto likawa kuni.
Wote wakamkimbilia.
Mimi sikukimbia.
Nilikuwa nimeinama chini, kwenye vumbi:
alama ya tairi inakuja, imenyooka, inakuja,
inakatika.
Hapo katikati pana kinyesi cha mbuzi, kizima,
na msafara wa sisimizi ambao haujavurugika.
Kisha alama inaanza tena, imezama zaidi.

Nilifumua kamba ya mkonge mkiani, nikapima,
nikakata kwa meno.

Kijiweni walibishana mpaka masika.
“Aliruka.” “Alirushwa na tuta.”
“Tuta gani? Pale pana tuta?”
Baba, mkono shingoni, aliziba pancha kwa mkono mmoja
wala hakutia neno.
Kamba niliificha darini, Mama akaiona,
akafungia majani ya ng’ombe.
Ikakatwa, ikaungwa, ikakatwa,
ikabaki kipande cha kufungia mdomo wa kibuyu.

Miaka mingi baadaye, wodini, Mawenzi,
ndama zile zimebaki ngozi na mfupa,
ndipo aliponiuliza, bila kunitazama:
“Ilikuwa ndefu kiasi gani?”

Nikanyoosha mikono yangu yote miwili.
Haikutosha.
Nikamwambia, “Baba, shika huku,”
nikampa ncha isiyokuwepo,
akaikamata kwa vidole viwili, barabara,
nami nikarudi nyuma,
nikapita kitanda cha jirani,
nikapita ndoo ya deki,
mpaka aliposema, “Hapo. Usiongeze.”