Sekunde za Kuelea

Saa mbili kasorobo, chumba cha panya, Moshi.
Masika; mlima haujaonekana tangu Jumanne.
Kazi yangu ni kuhesabu:
namtumbukiza panya kwenye mtungi wa kioo,
nabonyeza saa, naandika
sekunde alizopiga miguu,
sekunde alizoacha.

Hawa wa rafu ya kushoto huacha mapema.
Ni kizazi cha ishirini na sita.
Babu yao aliacha mapema, akaozwa mke
aliyeacha mapema,
na hivyo hivyo, harusi juu ya harusi,
bila mbege wala mshenga,
ila Daktari Mshiu na daftari lake.
Chupa mbili huning'inia kwenye kila tundu:
ya maji, na ya maji ya sukari.
Wa kulia huimaliza ya sukari kabla sijafunga mlango.
Wa kushoto hunywa yoyote iliyo karibu.

Nilidhani dopamini imewaishia.
Daktari akacheka taratibu: imo, Aikande, imo tele,
ila haifunguliwi.
Hapo nikamwelewa, maana nimekulia Uru:
maji yamejaa bwawani kule juu
na mgomba wa chini unanyauka,
kwa kuwa zamu ya mfongo imefika
na mwenye kuzibua amelala.

Amelala. Kaka yangu Ndekirwa
ameelekea ukuta tangu Kwaresima.
Chai namwekea vijiko vitatu; anakunywa
kama anayelipa deni.
Mama husema mvivu. Shangazi husema karogwa,
kisha, kwa sauti ndogo: hata babu yenu
aliiacha kahawa ikaiva ikadondoka.
Na baba yake babu?
Hapo tunaanza kuulizana kama ndizi zimeiva.

Sisi nani alituhesabia?
Nani alisimama migombani na daftari
akasema, huyu na huyu?

Namba kumi na nne ameacha.
Kanuni inasema nisubiri dakika zitimie.
Anaelea, pua juu, macho kwangu.
Hazami; sijui kwa nini watu hudhani anazama.
Kuelea nako ni kazi.

Namtoa, namkausha
muda mrefu kuliko ilivyoandikwa,
mpaka moyo wake, mdogo kama punje ya buni,
unatulia kiganjani.
Naandika: thelathini na tisa.
Taulo halina safu yake.

Leo jioni sitamwambia Ndekirwa ainuke.
Nitasogeza kitanda,
nikae upande wa ukuta.