Ngoma Isiyo na Kibao

Kibao cha shaba kiling'oka zamani,
kikaacha yai la rangi isiyowahi kupigwa jua
na matundu mawili ya misumari.
Agutu, fundi wa Kibuye, anasema ni ya Mjerumani:
"Tazama hesi. Mwingereza hakati hivi."

Tunafungua skrubu kumi. Moja haitaki.
Tunaitia mafuta ya taa, tunakunywa chai.
Ngozi inabanduka na harufu ya kanisa la Mbale,
vumbi, na pini ya nywele ya mtu.

Tochi ya simu. Penseli, ndani ya ubao:
"...mann", kisha kumi na tisa na kitu.
Jina la mji limeliwa na mchwa, umebaki mkia,
"kirchen".
"Maana yake makanisa," namwambia.
"Basi haijahama," anajibu Agutu.

Pembeni, kwa wino, mwandiko wa shule ya misheni:
*Luvembe nimeiwamba upya, 1954.
Ngozi ni ya Imbasu, ng'ombe wa mama.
Mama bado hanisemeshi.*

Mnunuzi anataka jina la kiwanda kabla ya Jumamosi.
Agutu anachukua kadi, anaandika "mann",
anafuta,
ananiuliza Imbasu inaandikwaje.