Ndoo Juu

Karatasi aliibana chini ya bilauri,
nyuma ya risiti ya duka la dawa,
mwandiko umeinama
kama unapita mlango mfupi:

Nimetoka.
Ukifika usiteke.
Ndoo juu.

Nikasoma mara moja, nisomavyo bei sokoni.
Basi. Shangazi Zeituni katoka,
hataki niteke maji,
na ndoo kaiweka juu.

Mimi hufundisha ufahamu, Nakuru, kidato cha tatu.
Swali la mwisho ni lilelile kila muhula:
Eleza maana ya maneno haya
kulingana na kifungu.
Anayeniletea maana ya kamusi tu
namkata alama, naandika pembeni kwa wino mwekundu:
Rudi kwenye kifungu. Tazama jirani zake.
Chepkemoi aliwahi kuniuliza,
"Mwalimu, kwani neno nalo lina jirani?"
Darasa zima likacheka, nami pia.

Nikaketi juu ya begi langu, barazani, Kibokoni, saa nane ya mchana,
nikimngoja mwanamke aliyetoka.
Muuza maji akapita na mkokoteni wa madumu,
akauliza kama twataka.
Nikamwambia hapana, tumekatazwa kuteka.
Akanitazama kama mtu atazamavyo saa iliyosimama.
"Mfereji haujatoa tone tangu Jumanne," akasema.
"Mumekatazwa na nani?"

Hapo ndipo mstari wa kati ulipoanza kuniwasha.

Nikainuka, nikaanza kusoma vitu.
Kandambili zake mlangoni, zote mbili, pua zikielekea ndani.
Buibui kwenye msumari.
Na ndoo, ile ya buluu yenye mkono wa kamba,
iko hapa chini, kando ya ngazi,
imejaa, imefunikwa sinia.
Haiko juu.
Na nyumba hii haijawahi kuwa na ya pili.

Nikaigeuza risiti.
Majina ya dawa siyajui, hata moja.
Lakini bei niliielewa,
na tarehe, na neno "wadi",
na kile kimya kinachokuwa
mtu anapokuambia kwa simu kuwa ni homa tu.

Nikaugeuzia tena mwandiko wake.
Safari hii nikausoma kwa sauti, taratibu,
na mdomo wangu ukakumbuka kabla yangu.

Nilikuwa na miaka saba nilipopandishwa basi kwenda bara.
Kabla ya hapo kichwa kilikuwa kitwa,
macho mato,
mchele mtele,
na kucheka ni kuteka,
na kuchoka,
yaa Rabbi,
kuchoka ni kutoka.

Nimechoka.
Ukifika usicheke.
Njoo juu.

Saa nzima nimemwacha peke yake,
vidato kumi na vinne kutoka nilipoketi,
kwa ajili ya Kiswahili sanifu.

Nikavipanda viwili viwili.
Yuko kitandani, leso ya kichwani ameivua.
Zile nywele alizokuwa akizisuka Alhamisi usiku, hazipo.
Kitwa laini kama yai,
na nyusi amejichorea mwenyewe kwa wanja,
moja imekaa juu ya mwenzake
kama inayouliza swali.

Sikucheka. Nilitii.
Nilitii kwa meno, kwa mashavu, kwa mabega,
hadi machozi yakanitoka,
na hata mimi sijui
yalikuwa ya nini.

Akanitazama. Ule wanja ukapanda zaidi.
"Idarusi, mbona umekawia? Hukuiona karatasi?"
"Niliiona."
"Hukuisoma?"
Nikafungua mdomo, nikaufunga.
"Haya, teka," akasema. "Teka kidogo. Lakini ndoo kwanza."

Nikenda.
Nikaketi ukingoni, upande wa dirishani,
wala sikuuliza ndoo ipi.