Uti wa Waya

Baba hakuiamini skrubu.
"Imeng'ata mti tu," alisema,
"na mti ukilowa hufungua mdomo."

Yalimpata Oktoba, usiku, kwenye miamba ya Sakonnet:
samaki wa mistari, mzito kama mtoto wa darasa la pili,
aliondoka na ndoana, na pete, na skrubu yenyewe,
akamwachia Delfim Arruda kipande cha mti chenye tundu.
Akakileta nyumbani, akakiweka juu ya friji.
Mama akipangusa vumbi, alikipangusa nacho.

Tangu hapo kila chambo chake kilikuwa na uti.

Mwerezi ulitoka uzio wa Bi Hortênsia,
ulioangushwa na kimbunga;
mashine ya kukereza ilitoka kinu cha nguo
siku kilipofungwa, kwa bei ya chuma chakavu.
Alikereza hadi mti ukawa na mabega na kiuno,
kisha jiliwa, kisha keekee ndefu:
toboa kutoka puani, geuza, toboa kutoka mkiani.
Matundu yakutane katikati.
"Yasipokutana?"
"Ni kuni."
Majira ya baridi yale tulikota moto mwingi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Kazi yangu ilikuwa koleo:
kunja waya, acha kitundu cha ndoana,
zungusha mara nne.
Mara tatu ni uvivu, mara tano ni woga.
Risasi aliiyeyusha katika kopo la dagaa
akaimimina tumboni, ili chambo kijue chini ni wapi.
Usiku mzima mti ulikunywa mafuta ya kitani.
Kisha msasa, rangi, msasa tena,
mgongo wa kijani, macho ya njano.
Nilipenda macho. Yeye hakuyajali.
"Rangi ni ya mvuvi," alisema. "Waya ni wa samaki."

Na hakikutoka gereji chambo
kabla ya kuning'inia kwenye boriti
na ndoo mbili za kokoto chini yake,
tangu chakula cha jioni hadi asubuhi.

Mikono yake ilipoanza kutetemeka
mimi nilizungusha, yeye akahesabu.
Moja. Mbili. Alikawia kwenye tatu.
Nilimsubiri.

Juni hii, mwaka wa pili bila yeye,
jino la samaki lilipasua chambo changu katikati.
Niliviona vipande viwili vya mwerezi vikielea,
macho ya njano yakitazama kila upande,
na mshipi bado unavuta.
Nilimtoa mchangani akiwa kwenye waya mtupu,
ulionyooka, mizunguko minne mbele, minne nyuma.

Nimeuosha kwa maji ya bomba.
Jana nimeshusha kile kipande cha juu ya friji,
nikakibana kwenye jiliwa,
nikaanzia kwenye tundu la ile skrubu.
Nikageuza. Nikaanzia puani.

Yamekutana.